Orodha ya Akiba

Barua yao ya mwezi wa pili ilisema majibu yatatoka mwishoni mwa mwezi wa tano. Tarehe hawakutaja. Nadhani aliyeandika maneno hayo hajawahi kungoja kitu kwa muda mrefu, maana kwa anayengoja, mwisho wa mwezi huanza tarehe 15.

Nilikuwa nimeomba ufadhili wa utafiti wa shahada ya uzamili, miaka miwili, nchini Tanzania. Mada yangu niliiokota sokoni Baraka. Pale mama mmoja anauza sombe, na jirani yake anayaita majani yale yale kisamvu. Huyu ana lengalenga, yule ana mchicha. Samaki wadogo wa ziwa letu ni ndagala kwa waliobaki na dagaa kwa waliorudi. Waliorudi ndio sisi tuliotoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambako wazazi wetu walikimbilia vita vya 1996 na vile vilivyofuata. Meli za kurudisha watu zilianza kufika Baraka mwaka 2005. Nilitaka kujua, baada ya miaka yote hii, nani ameacha neno lake na kuchukua la mwenzake, na kwa nini. Mimi mwenyewe nasema kisamvu nyumbani na sombe sokoni, na sikumbuki nilianza lini.

Karatasi zangu za alama zilikuwa za Kifaransa na walizitaka kwa Kiingereza, kwa tafsiri rasmi yenye muhuri. Mama alinipa pesa ya tafsiri pamoja na nauli ya kwenda na kurudi Uvira. Hakusema imetoka wapi. Wiki iliyofuata nilimkuta sokoni anapima ndagala kwa kikopo, yeye aliyekuwa akiuza kwa gunia, ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimesafiri na mtaji wake.

Basi mwezi wa tano ukafika. Siku za kazi nafundisha kwa muda huko Fizi, mlimani, na Ijumaa nateremka Baraka kwa pikipiki. Fizi mtandao huja na kuondoka. Kuna mahali nyuma ya darasa, karibu na mwembe, ambapo ukisimama vizuri ujumbe unaingia, na wanafunzi wangu walishajua kwamba mwalimu akienda kwenye mwembe wasimfuate. Baraka mtandao ni afadhali, lakini nyumbani kwetu hakuna umeme. Simu naipeleka kwa kijana wa kuchajia, mwenye paneli mbili juu ya bati. Mvua za mwaka huo, 2024, zilikuwa nyingi, ziwa lilipanda mpaka nyumba za karibu na maji zikahamwa, na siku za mawingu simu ilirudi na nusu ya moto. Nilikuwa nanunua mega kidogo kidogo, nafungua barua pepe, nafunga haraka kama mtu anayechungulia chungu. Tarehe 31 nilifungua mara tisa. Najua kwa sababu nilihesabu, na nilihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine niliyoweza kuifanya.

Kila jioni mama aliuliza, "Wamesema nini?" Nami nilijibu, "Bado." Jioni moja nilimjibu kwa ukali kwamba wakisema atakuwa wa kwanza kujua. Hakukasirika. Aliendelea kuchambua mchele, halafu akaanza kunisimulia habari ya ubao.

Kambini, majina ya watakaopanda meli yalibandikwa ubaoni. Yeye alijiandikisha mapema. Meli ya kwanza jina lake halikuwemo, ya pili vilevile. Kila mara alikuwa ameshafunga vyombo na kugawa kuni zake kwa majirani, kisha anarudi kuziomba. Mwishowe alimwomba karani amsomee karatasi yote, na ikaonekana jina letu la Kibembe limeandikwa kwa namna tatu tofauti, kwa hiyo mbele ya karatasi sisi tulikuwa familia tatu zisizotimia. Tulivuka mwaka 2007, mimi nikiwa na miaka saba. Mdogo wake, mama mdogo, yeye hakujiandikisha. Alibaki, na miaka baadaye akachukuliwa kwenda Marekani na watoto wake wote. Mama alisimulia hilo bila kupandisha wala kushusha sauti. Nimewahi kutaka kumuuliza kama anajuta, na sikumuuliza usiku ule pia.

Jibu lilikuja tarehe 6 Juni, chini ya mwembe, saa nne asubuhi. Nilisoma mstari wa kwanza, "tunayo furaha kukujulisha", magoti yakalegea, kisha nikasoma wa pili. Nimewekwa katika orodha ya akiba. Waliochaguliwa wana hadi tarehe 30 kukubali. Akikataa mmoja, wataita wa akiba. Nilirudi darasani nikafundisha ngeli ya tano na ya sita, na nadhani nilifundisha vibaya.

Ijumaa nilimweleza mama.

"Wako wangapi mbele yako?"

"Hawakusema."

"Jina lako wameandika sawasawa?"

Nikafungua simu nikaangalia, herufi kwa herufi. Wameandika sawasawa.

"Haya," akasema, akainuka kwenda kugeuza ndagala kwenye mkeka.

Leo ni tarehe 24. Kuna mtu mahali fulani, simjui jina wala nchi, ambaye barua yangu iko mfukoni mwake. Usiku namwombea. Mwanzoni niliomba akatae tu, nikaona aibu, maana huenda mama yake naye ameuza mtaji. Sasa naomba apate ufadhili mwingine, mkubwa kuliko huu, na aupate kabla ya Jumapili. Sijui kama ombi hilo ni safi zaidi. Kijana wa kuchajia hanidai tena pesa mkononi, ananiandika kwenye daftari lake. Jana aliniuliza, "Dada, hiyo simu inangoja nani?" Nikamwambia aiache kwenye waya mpaka ijae.