Bwana wa Pama

Shangazi,

Uliniuliza kama huku Berlin nako bodaboda hazisimami kwenye pundamilia. Bodaboda hakuna, na wanaosimama ni waenda kwa miguu. Usiku wa manane, barabara nyeupe, mtu mzima na akili zake anangoja taa. Ukivuka kwenye nyekundu mbele ya mtoto, utasemwa na bibi usiyemjua.

Wanayemtii ni kibwana mfupi wa kwenye taa, mwenye kitambi na kofia ya pama. Akiwaka mwekundu ametanua mikono kama anayezuia mbuzi. Akiwaka kijani anakwenda kwa hatua ndefu. Alimbuni Karl Peglau, mwanasaikolojia wa mambo ya barabara wa Ujerumani Mashariki, mwaka 1961, mwaka ule ule Ukuta wa Berlin ulipojengwa. Unene wake si urembo: mwili mpana hupitisha mwanga mwingi, hata macho ya kizee yanauona. Kofia ndiyo iliyompa Peglau wasiwasi, asije akaambiwa ni ya kibwanyenye. Ikapita.

Ujerumani Mashariki, iliyojenga maghorofa ya Kikwajuni kule Unguja, ilikufa 1990. Kibwana naye akaanza kung'olewa, mahali pake pakaja kijitu chembamba cha Magharibi, hakina hata kofia. Watu wakagoma. Fedha yao ilikwisha kwenda, viwanda vinafungwa. Wakasema huyu hapana. Akabaki, na tangu 2005 ameanza kuingia hata Berlin ya Magharibi. Sasa anauzwa kwenye vikombe na fulana mpaka anachosha.

Miji mingine ina watu wake. Zwickau waliweka mwanamke mwaka 2004, sketi na nywele mikia miwili. Trier, alikozaliwa Karl Marx, walimweka Marx mwenyewe na madevu yake mwaka 2018. Nadhani nyekundu inamkaa zaidi.

Makumbusho aliko mjusi wetu wa kale, yule dinosaria wa Tendaguru, yako upande uliokuwa Mashariki, kwa hiyo anayekuvusha kwenda kumwona ni huyo huyo wa pama. Mifupa ile ilichimbwa huko Lindi kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wazee wetu hadi bandarini. Sasa imesimamishwa, kimo zaidi ya mita 13. Wenzetu walipigania kijitu cha taa wakaachiwa; sisi tunakata tiketi.

Wasalimie wote hapo Magomeni. Akipatikana msafiri wa huku, mpe korosho zangu, zile za kubangua kwa mkono.