Daftari la Saint Paul, Minnesota, 2009

Jumatano, 4 Machi
Makadirio yametoka. Nakisi ya bajeti ya jimbo, dola bilioni 6.4 kwa miaka miwili ijayo. Fedha za Washington zikiingia, inabaki bilioni 4.6 hivi. Watu wakashusha pumzi, kana kwamba bilioni 4.6 ni chenji. Hizo fedha za Obama zitakwisha. Pengo litabaki palepale.

Mheshimiwa, mbunge ninayemfanyia kazi, aliingia ofisini hata koti hakuvua. Akaandika ubaoni: shule, wagonjwa, kazi. Akasimama anayatazama. Shule peke yake zinachukua karibu asilimia 40 ya mfuko mkuu. Ukisema shule haziguswi, basi kisu kimeshajua kinakokwenda. Mimi ningeanza kwa kuwalinda wagonjwa. Sikusema leo, alikuwa amechoka mno. Nitasema.

Jumapili, 22 Machi
Mdogo wangu kaja kula. Kala kidogo, kanyamaza sana. Nikamuuliza. “Dada, wamenipunguzia saa tena.” Zamu mbili tu wiki hii. Kodi ya nyumba bado ileile.

Hana mke, hana mtoto. Nilikuwa naosha vyombo, ndipo likanipiga: mtu kama yeye akiishiwa kabisa, mlango uliobaki ni ile kadi ya matibabu ya jimbo. GAMC. Mtu mzima asiye na mtoto wa kulea, asiyefikisha kama dola 8,000 kwa mwaka. Ndilo fungu ninalolinyooshea kidole kila siku kwenye jedwali, nimelizoea kama namba. Leo limeketi mezani kwangu likala wali.

Alhamisi, 16 Aprili
Simu asubuhi yote. Fundi mmoja wa mapaa kapiga. Ujenzi umesimama, bima ilikwenda na kazi. Kisukari. Kabla hajapata kadi alikuwa akijidunga nusu ya dozi ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Akaanguka ngazini, akalazwa siku nne. Sasa ana kadi, chupa mpya iko kwenye friji, na amesikia redioni kuna watu wanataka kuifuta. “Niambie ukweli,” anasema, “ninunue akiba?” Akiba ya insulini. Kwa fedha gani?

Mchana nikamwambia Mheshimiwa yote niliyoyaweka moyoni tangu Machi. Nikamwambia shule zina walimu, zina wazazi, zina vyama, mabasi mazima yanakuja hapa na mabango. Hawa wa kadi ni zaidi ya 30,000, wengine wanalala chini ya madaraja, wengine akili haijatulia, na sijaona basi lao hata moja. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaenda ubaoni akafuta, akaandika wagonjwa juu.

Nimefurahi. Mno. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Alhamisi, 14 Mei
Amefuta.

Gavana Pawlenty katia saini mswada wa afya, ila mstari mmoja kaupigia kura ya turufu: milioni 381, fungu la GAMC la mwaka wa pili. Kalamu moja. Na ametangaza kwamba tusipoafikiana naye atakata mafungu mengine mwenyewe, bila Bunge. Anasema kodi haipandi. Anasema gharama za afya zinakua kuliko mapato, na hilo ni kweli, silibishi. Lakini sukari ya mtu haishuki kwa sababu fungu lake limefutwa. Tangu 1986 sheria ya nchi inakataza hospitali kumfukuza mgonjwa wa dharura. Kwa hiyo atakuja, amezidiwa, atapokelewa, na hospitali za umma kama ile ya kaunti ya Hennepin zitabeba. Dawa ya mwezi tunaikataa, kitanda cha wiki tutakilipa.

Fundi kapiga mara mbili. Mara ya pili nilipokea.

Jumapili, 17 Mei, usiku
Jaribio la kutengua turufu. Zilihitajika kura 90 kati ya 134. Tumepata 87. Wademokrat wote 87 huku, Warepublikan wote 47 kule. Watatu! Nilikaa juu kwenye viti vya wageni nikiangalia ubao wa kura, taa za kijani na nyekundu, nikawa nasubiri hata mmoja abadilike. Namjua mmoja wao, hospitali ya mji wake inahemea mashine. Alikuwa ameinamisha kichwa, anapanga karatasi.

Mheshimiwa alisema vizuri. Hakupiga kelele. Alisoma mistari minne tu ya barua ya muuguzi, akaketi.

Jumanne, 19 Mei, alfajiri
Mwisho wa kikao ulikuwa saa sita kamili usiku, katiba haina huruma. Dakika chache kabla, mswada wa kodi ukapitishwa mbiombio, kama bilioni moja, Spika Kelliher anagonga nyundo, upande wa pili wanapiga makelele. Kila mtu anajua gavana ataukataa. Sikupenda. Jambo la haki lilistahili kujadiliwa mchana. Miguu inauma. Nalala.

Jumatano, 17 Juni
Orodha ya makato ya gavana ilitoka jana. Bilioni 2.7. Zaidi ya bilioni 1.7 ni malipo ya shule yanayosogezwa mbele: deni, litakuja kudaiwa. Miji na kaunti zimekatwa. Wagonjwa wamekatwa tena juu ya kukatwa. Wanasheria wanasema hana mamlaka ya kiasi hicho. Mahakama ina mwendo wake, kisukari kina mwendo wake.

Mdogo wangu kapata zamu za usiku. Alhamdulillahi.

Mheshimiwa anataka mswada uwe mezani siku ya kwanza Bunge likirudi Februari. Mdogo kuliko fungu lililofutwa, wa bei nafuu, ambao hata wale watatu tuliowakosa wataweza kuutetea kwao. Nimeanza rasimu: dawa kwanza, insulini na za akili, kisha kliniki, vitanda baadaye. Atauliza gharama, nami sina bado. Kesho saa tatu nionane na mhasibu wa hospitali, nichukue hesabu za waliolazwa. Na nimpigie fundi kabla hajatoka, nimwambie kadi yake haijakatika, aende Jumatatu akachukue dawa kama kawaida.