Zabibu za Bekaa hazikungoja vita viishe

Nchini Lebanoni, kati ya safu mbili za milima, kuna bonde linaloitwa Bekaa. Liko karibu mita 1000 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, usiku baridi inashuka, na wakati wa kiangazi mvua ni haba sana. Kwa zabibu, hali hiyo ni baraka. Wakaaji wa huko wanalima mizabibu tangu zamani: mjini Baalbek lingali hekalu la Waroma linaloitwa la Bacchus, mungu wao wa divai, na mwaka 1857 mapadri Wayezuiti walianza kutengeneza divai Ksara, katika bonde hilohilo.

Divai nyekundu ya huko inayojulikana sana ulimwenguni ni Château Musar. Bei yake si ya mtu anayelala kambini. Lakini safari yake, mtu wa kambini anaielewa upesi kuliko tajiri anayeinunua.

Gaston Hochar aliianzisha mwaka 1930. Mashamba yako Bekaa, ila kiwanda kiko Ghazir, upande wa pili wa mlima, kaskazini ya Beirut, karibu na bahari. Wakati wa amani, lori lenye zabibu linavuka mlima kwa saa chache tu.

Mwaka 1975 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza, vikadumu hadi 1990. Barabara ile ikakatwa vipande. Kila kikundi kikawa na bariere yake, na dereva aliyepita kwa hawa asubuhi hakujua kama wale wa mbele wangemruhusu kupita jioni.

Aliyekimbia Masisi au Kalehe akaacha muhogo shambani anajua kwamba muhogo unaweza kungoja udongoni miezi kadhaa. Zabibu hazina subira hiyo. Zikiiva, ni siku chache tu. Zikishakatwa, ni saa. Mavuno yanataka njia iwe wazi wiki ileile, wala si baada ya mazungumzo ya amani.

Mwaka 1976 vita vilishinda: hakuna divai ya Musar iliyotoka. Mwaka 1984 malori yalikwama njiani siku kadhaa, na zabibu zikaanza kuchacha ndani ya malori kabla ya kufika Ghazir. Miaka mingine ya vita, divai ilitengenezwa.

Aliyeongoza kazi wakati huo ni Serge Hochar, mtoto wa Gaston, aliyesomea utengenezaji wa divai Bordeaux, Ufaransa. Wanunuzi wa nyumbani walipopungua kwa sababu ya vita, alipeleka chupa zake Ulaya. Mwaka 1979, kwenye maonyesho ya divai mjini Bristol, Uingereza, mtaalamu Michael Broadbent alionja na kusifu. Mwaka 1984, mwaka uleule wa malori kukwama, gazeti la Decanter la Uingereza lilimtangaza Hochar kuwa mtu wa mwaka. Alikuwa wa kwanza kupewa heshima hiyo. Alifariki mwaka 2014.

Kuna jambo moja zaidi. Divai nyekundu ya Musar haiuzwi upesi. Inakaa kwenye mapipa ya mbao, kisha kwenye chupa, na inatoka mwaka wa saba baada ya mavuno. Kwa hesabu hiyo, zabibu zilizokatwa mwaka 1983 zilikuwa za kuuzwa mwaka 1990, mwaka vita vilipoisha. Waliozikata hawakujua kama mwaka huo ungewakuta hai.

Na waliozikata ni nani? Kwa miaka mingi, mavuno ya Musar yamefanywa na familia za Mabedui. Tangu mwaka 2011, wakimbizi wa Siria wamejaa bondeni. Lebanoni haikuwajengea kambi rasmi. Wengi wanaishi katika mahema ya bashi kwenye viwanja vya kukodi, na wanalipwa kwa siku kulima na kuvuna mashamba ya wengine. Wamo walioacha mashamba yao wenyewe nyuma ya mpaka. Mwezi wa tisa 2024, mabomu ya Israeli yaliangukia Bekaa msimu wa mavuno, na wengi wao wakakimbia mara ya pili, wengine wakirudi Siria walikotoka. Anayelipwa kwa siku, siku ya kukimbia halipwi.

Chupa ya divai inaandikwa mwaka wa mavuno na jina la mwenye kiwanda. Haiandikwi jina la mama aliyekata zabibu, wala la dereva aliyesimama bariere baada ya bariere akiomba kupita. Bila wao, kila mwaka wa vita ungekuwa kama 1976.