Ukoo Ambao Kipande Hakikuuandika

Akina mama wenzangu, ukoo wa mkonge unajulikana vizuri. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, mwaka 1893. Ikapona 62 tu, na hiyo ndiyo iliyoanzisha mashamba ya mkonge nchini. Lakini ukoo wa waliokuwa wakiukata, nani aliuandika?

Hapa Mnyuzi wengi wetu ni wajukuu wa manamba. Babu zetu walitoka Songea, Kigoma, hata Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua kutoka mbali. Mtu alipewa namba, ndipo likaja jina hilo la manamba. Alipewa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Mke aliyemfuata mumewe hakuandikwa kwenye kipande hicho.

Haya yasingenisumbua kama binti yetu asingechumbiwa na kijana wa Korogwe ambaye babu yake naye alitoka Songea. Wazee wakasema posa isipokewe kwanza, huenda watoto hawa ni ndugu. Binti alilia siku mbili. Mimi nilifungua kasha la marehemu babu wa mume wangu. Mlikuwa na kipande kimoja kilichochakaa, chenye jina lake la ubatizo na neno "Songea". Mume wangu akasema basi, sisi Wangoni. Lakini huku Tanga kila aliyetoka Songea aliitwa Mngoni, awe Mmatengo, awe Mndendeuli.

Nikaenda kwa mama mkwe. Sikumkuta nyumbani, alikuwa shambani, maana masika yalikuwa yameanza. Majirani zake hulima sesa au matuta. Yeye hulima mashimo. Nyasi zilizofyekwa hupangwa chini kwa miraba kama vyumba, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika. Shimo hubaki katikati, na maharage hupandwa juu ya kingo zake. Mvua ikinyesha, maji hutulia mashimoni na udongo hauendi bondeni.

"Mama, kilimo hiki umekitoa wapi?"

"Kwa mama mkwe wangu, mwanangu. Alikiita ngolo. Mwanamume hufyeka na kupanga nyasi, kuchimba ni kazi yetu."

Ngolo ni kilimo cha Wamatengo wa milima ya Mbinga, ambako zamani kulihesabiwa ndani ya Songea. Kumbe siri ya ukoo ilikuwa mikononi mwa wakwe wa kike! Mama akanitajia jina la ubatizo la huyo mkwewe, na kijito kilichopita nyuma ya kwao. Wamisionari Wabenedikto walianza Peramiho mwaka 1898, na kazi yao ikafika Umatengo, kwa hiyo tulitumaini kwamba vitabu vya ubatizo vipo. Tukaandika barua kwa parokia ya huko.

Jibu lilichukua miezi miwili. Lilikuwa na jina la Babu, la baba yake, na la mama yake. Hilo la mwisho nililisoma kwa sauti, mama mkwe akaniomba nirudie.

Upande wa kijana ni Wandendeuli wa Namtumbo. Wazee walihesabu koo pande zote mbili wasione undugu. Posa imepokewa. Jumamosi binti anatakiwa shambani kwa bibi yake, aje na jembe.