Mpira wa Pili

Nyumba tunayoishi iko chini ya Mlima Meru, upande wa Arusha, mahali ambapo maji ni meupe na yanapendeza macho, lakini yamebeba floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano. Wengi wa huku wana meno ya kahawia, na wapo ambao hata mifupa yao imeharibika. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki. Basi tulipopata watoto tulijibana tukanunua mashine ya kuchuja, ile yenye pampu inayosukuma maji kwenye utando mwembamba.

Mashine hiyo ina mipira miwili. Mmoja hutoa maji ya kunywa, wa pili hutoa yaliyokataliwa. Kwetu, kila lita 1 ya kunywa huenda na lita 3 za kumwaga. Sisi tuliokua tukibeba ndoo kichwani hatukuweza kuvumilia, tukauvuta mpira wa pili hadi kwenye mchicha na mnavu. Tulijiona mawakili wema. Tulihubiri hata ibadani, juu ya vile vipande vilivyokusanywa baada ya watu elfu tano kushiba.

Kosa la kwanza lilionekana ardhini. Mwisho wa kiangazi udongo ulitoa weupe kama magadi, ukawa mgumu, miche ikaungua ncha. Hilo lilituudhi, basi.

La pili ni zito. Jirani yetu, bibi anayelea mjukuu wa miaka minne, alikuwa amekuja siku moja na dumu.

“Mama Mchungaji, hayo yanayomwagikia mchicha si ya ile mashine? Naomba nikinge kidogo, ya mtoto.”

“Chukua tu bibi, wala usiombe.”

Alikinga kwa miezi minne. Kisha akaja fundi kubadilisha vichujio, akatueleza jambo ambalo tungeweza kulifikiri wenyewe: floraidi haipotei. Ikikosekana kwenye mpira huu, imekwenda kwenye ule. Tukapiga hesabu. Maji ya bomba yakiwa na miligramu 4 kwa lita, ya mpira wa pili yanazidi 5, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi 1.5. Mtoto alikuwa akinywa maji mabaya kuliko ya bombani, kutoka nyumbani kwa mchungaji. Chuoni tulifundishwa kwa miaka kutenganisha sheria na injili. Mipira miwili ilitushinda.

Tulikwenda jioni ile ile. Kutamka maungamo pamoja na usharika mzima ni rahisi kuliko kuketi kwenye kigoda cha mtu na kumweleza ulichompa mjukuu wake.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba wanangu. Mbona usiku?”

Tukasema yote. Alinyamaza muda mrefu, akiuchochea moto usiohitaji kuchochewa. Kisha akauliza, “Na nyie mnakunywa yapi?”

Hatukuwa na jibu ila lile la kweli. Daudi alikataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu. Sisi jirani tulimpa yale yasiyotugharimu, na tukapokea shukrani.

Siku hizi dumu la bibi hukaa chini ya mpira wa kwanza. Mashine ni ya polepole, kwa hiyo watoto wetu hungoja, na hunung'unika. Maji ya pili tunapigia deki na kumwaga chooni. Yanayobaki tunachanganya na ya mvua, tunayapeleka kwenye migomba, ambako bibi hutuletea samadi ya mbuzi wake, na masika huosha chumvi. Miche hatuigusi nayo tena.

Mjukuu sasa ana miaka sita. Meno ya ukubwani hujijenga ndani ya fizi miaka mingi kabla ya kutoka, na lile la kwanza la mbele ameling'oa juzi, akalileta kutuonyesha. Bibi alimwambia afunge mdomo, vumbi litaingia. Lakini naye, tulimwona, alikuwa akilichungulia lile pengo.