NESI NA NYUKI WAKE, Sehemu ya 4: Kilo 31

Kwa wageni waliojiunga wiki hii: mimi ni nesi, mzaliwa wa Sikonge, Tabora. Naishi kaskazini mwa Uingereza, nafanya zamu za usiku, na siku za mapumziko nafuga nyuki kwenye kipande cha bustani nilichokodi halmashauri. Siuzi asali, kwa hiyo msiniulize bei inbox. Ni kitu cha kunituliza kichwa tu.

Swali lililojaa kwenye komenti za sehemu ya 3 ni hili: "Dada, baridi yote hiyo na theluji, nyuki si wanakufa? Au wanalala? Na wewe Februari unaenda bustanini kufanya nini?"

Hawalali. Wanajikusanya kama tonge, malkia katikati, wanatetemesha misuli ya mabawa bila mabawa kupiga, na mtetemo huo ndio jiko lao. Wa nje wakipoa wanapenya ndani, wa ndani wanatoka kupokea zamu. Malkia akianza tena kutaga, katikati ya lile tonge wanaweka joto la kama nyuzi 35, karibu kabisa na joto lako wewe unayesoma hapa, huku nje maji kwenye ndoo yameganda. Nyuki wa kiangazi anaishi wiki kama sita anakufa kwa kazi. Huyu wa baridi anatakiwa aishi miezi, na mafuta yake ya kuchomea jiko ni asali peke yake.

Kwetu sivyo. Baba yangu alikuwa na mizinga ya magome kwenye miombo, anaining'iniza juu huko, anapanda usiku na mwenge wa moshi. Nyuki wa kwetu njaa ikizidi, au ukame, au siafu wakiwaandama, wanahama. Unakuta mzinga mtupu. Baba hakuwa analia, alikuwa anasema tu "wameondoka, watarudi wengine". Nyuki wa huku baridi ikiwakuta hawana pa kwenda. Wanabaki palepale na walichoweka akiba, kikitosha kimetosha.

Na hapo ndipo nilipokosea mwaka jana. Nilisema nitawaeleza, basi leo nieleze.

Nilikuwa na mizinga miwili. Desemba yote iko hai, Januari iko hai, nikajipongeza. Mimi nilidhani Desemba ndiyo mwezi wa hatari, kwa sababu ndiyo yenye giza. Kumbe Desemba malkia amepumzika, nyuki wanakula kidogokidogo. Hatari ni Februari na Machi: malkia ameanza kutaga, kuna watoto wa kupashwa joto, asali inakwenda mbio, na maua bado hayapo. Mwezi huohuo mama aliugua nyumbani, nikachukua zamu za ziada karibu kila walipopiga simu. Wiki tatu sikukanyaga bustanini. Nikipita na basi naona paa za mizinga kwa mbali, najisemea ipo.

Siku niliyokwenda, mzinga wa kushoto ulikuwa kimya. Nikafungua. Walikuwa wote mle, wamekufa wamejichomeka vichwa ndani ya vijumba vya sega, makalio nje, ndivyo nyuki anavyokufa kwa njaa, analamba hadi mwisho. Fremu mbili pembeni yao kulikuwa na asali imefunikwa nta, nzuri kabisa. Kama upana wa kiganja changu. Baridi ilikuwa kali, tonge lilikuwa dogo, hawakuweza kuliacha joto ili wakakifikie chakula.

Nimeona vifo vingi kazini, jamani. Lakini kule huwa kuna faili, kuna mwenzako wa kumuuliza, kuna daktari. Pale nilikuwa peke yangu na brashi, nafagia nyuki kwenye ndoo.

Basi mwaka huu nimebaki na mzinga mmoja, na kazi zangu zote za baridi zinazunguka swali moja: wana chakula au hawana? Ugumu wake ni kwamba mzinga haufunguliwi ukachungulia fremu moja moja. Ukiwafungua kwenye baridi, joto walilolitengeneza usiku kucha linaondoka kwa dakika moja. Inabidi upime mgonjwa bila kumvua shuka.

Nikafanya hivi. Watu wa ughaibuni mnaijua ile mizani ndogo ya kuning'iniza begi kabla ya kwenda uwanja wa ndege, ya kuhakikisha hujapita kilo 23? Hiyohiyo. Unaingiza kulabu chini ya mzinga upande wa kushoto, unanyanyua kidogo tu uachane na stendi, unasoma. Unahamia kulia, unasoma. Unajumlisha. Oktoba, baada ya kuwalisha maji ya sukari, nilipata kilo 41. Mwaka mpya, 36. Nimeandika kwa kalamu ubaoni chini ya paa, kama chati ya kitandani.

Kazi nyingine nazitaja haraka maana nyingi nilizimaliza Novemba: kibati chenye matundu mlangoni ili nyuki apite na panya asipite, waya wa banda la kuku kuzunguka mzinga kwa sababu ya kigogota (ndege huyu hutoboa mbao kufuata nyuki, sikuamini mpaka nilipoona tundu kwa jirani), na kipande kinene cha godoro chini ya paa. Hicho cha paa msikidharau. Pumzi ya nyuki ikigonga dari la baridi inageuka maji, yanawadondokea, na unyevu unawaua upesi kuliko baridi kavu.

Ya utitiri nieleze vizuri kidogo. Kuna utitiri mwekundu unaitwa varoa, unajibana mwilini mwa nyuki na kuzaliana ndani ya vijumba vya watoto vilivyofunikwa. Dawa ya asidi ya oksaliki haiwafikii waliomo ndani ya vijumba. Kwa hiyo unasubiri kipindi ambacho malkia hajataga, mwishoni mwa Desemba hivi, unainua mfuniko, unadondosha mililita 5 kwa bomba la sindano kwenye kila njia kati ya fremu wanamoonekana nyuki, unafunika. Dakika mbili. Glavu na miwani ni lazima, ile ni asidi. Huo ndio ufunguzi pekee niliojiruhusu baridi yote, na nakiri mkono ulikuwa mwepesi kuliko siku nyingi wodini.

Fremu za mzinga uliokufa nazo zilikuwa zinanisubiri kibandani. Kwanza nilijiridhisha kwamba hawakuwa na ugonjwa wa watoto, maana masega ya koloni lenye ugonjwa hayarudishwi kwa nyuki wengine. Masega meusi ya zamani nikayakata. Gundi ya nyuki kwenye baridi inakuwa kama kioo, ukiikwangua inaruka vipandevipande, raha tupu. Kisanduku nikakipitishia moto wa gesi ndani mpaka mbao ikageuka rangi ya chai. Fremu 11 mpya nimezigongea misumari jikoni, jirani wa chini amegonga dari mara mbili.

(Kuna dada ameniandikia anampa kichanga wake wa miezi mitano asali kwa ajili ya kikohozi. Mama, acha leo. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata tone, hata ikiwa safi vipi. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvizuia, na sumu yake inalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Tuendelee.)

Jana asubuhi nimetoka zamu saa moja na nusu, sikwenda kulala. Barafu kwenye majani, maua kumi na mawili mazima, yale meupe ya Februari, yameinamisha vichwa chini ya uzio. Nikapima. Kushoto 16, kulia 15. Kilo 31. Ukitoa mbao, nta na nyuki wenyewe, kwa hesabu yangu wamebakiza asali kama kilo 7, na mti wa kwanza wa maana, mwerebi, hautachanua kabla ya Machi.

Nikatoa stethoskopu mfukoni. Msinicheke. Nikaiweka ubavuni mwa mzinga, nikagonga mara moja kwa kidole. Mvumo ukapanda, shhhh, ukashuka ukatulia. Wapo, na wako juu kabisa chini ya mfuniko, maana yake wamekula wakipanda na juu yao hakuna kitu tena.

Nilikuwa na bonge la ile sukari nyeupe laini ya kupambia keki, kilo mbili na nusu, nimelifunga kwenye nailoni. Nikakata tundu upande wa chini, nikainua paa, nikalilaza juu ya tundu la mfuniko, moja kwa moja vichwani mwao. Wakiwa na njaa hawatembei hata kidole. Nikarudisha godoro, paa, tofali.

Wakati nafunga, simu ikaita. Namba ya kazini, zamu ya ziada usiku huo. Niliiangalia ikaita mpaka ikakatika. Kisha nikaandika ubaoni: tarehe, 31, sukari.

Jumamosi nakwenda kuangalia wamekula kiasi gani. Wakifika Machi na kukaja siku ya nyuzi 14 au 15 isiyo na upepo, nitafungua kweli, nimtafute malkia, na wakiwa na nguvu Mei nitawagawa wajaze kile kisanduku nilichokichoma. Nitawawekea picha. Sasa naenda kulala, saa moja na nusu jioni naripoti wodini.