Herufi Tano, ya Tatu ni A

Sisi tuliosomea Mbeere, Kenya, enzi za mfumo wa elimu wa 8-4-4 tulijifunza kusaka maneno ya Kiingereza kwenye karatasi iliyokwisha kutumika. Gazeti lilipofika kwetu Kiritiri lilisomwa kwanza na walimu na watu wa ofisini, na siku chache baadaye likawa dukani likifungia sukari, au buchani likifungia nyama. Ukurasa wa fumbo la maneno ulitufikia una doa la mafuta, miraba mingine imeshajazwa kwa kalamu na mtu tusiyemjua, na majibu yako kwenye toleo la siku iliyofuata ambalo hatukuliona. Nayakumbusha haya kwa sababu ndimo ilimo hoja yangu: wakati ule, kutafuta neno lenye idadi fulani ya herufi kulikuwa kazi ya maana kabla ya kuwa kazi ya herufi. Tuseme miraba ni mitano, wa tatu una A, wa mwisho una T, na kidokezo kinataja kiungo kinachosukuma damu. Mtoto wa Mbeere alianza na ngoro ya Kimbeere cha nyumbani, akapitia moyo wa Kiswahili cha darasani, ndipo akafika kwenye heart. Zile A na T zilimhakikishia tu kwamba amefika. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, iliyaendeleza mazoea hayo kwa kifungu chake chenye mapengo 10, bila majibu ya kuchagua: sentensi ndiyo iliyokuambia neno lipi linakosekana.

Mabadiliko ya mazoea hayo hayakuja kwa siku moja. Simu za vibonye ndizo zilizotangulia. Ulipobonyeza 4663, programu ya T9 ilitafuta maneno ya herufi nne yanayolingana na vibonye hivyo, ikakuletea good, home, gone au hood, nawe ukachagua. Mashine ilishika umbo la neno. Maana ilibaki kwako, kwa kuwa wewe ndiye uliyejua unataka kusema nini. Zikafuata simu janja na bando, na leo ukiandika kwenye tovuti ya kutafutia maneno alama mbili za kuuliza badala ya herufi usizozijua, A, alama nyingine ya kuuliza, kisha T, unamwagiwa orodha nzima papo hapo: beast, coast, giant, kraut, plant, hata scatt, kodi ya kale ya visiwa vya kaskazini mwa Uskoti. Yote yanatoshea, na hakuna hata moja lililoulizwa maana yake. Mtu anaweza kujaza ukurasa mzima akaondoka hajaongeza neno hata moja atakalolisema kesho. Kwa mzaliwa wa London hasara si kubwa, kwani coast na plant amezisikia tangu utotoni na orodha inamkumbusha tu. Mwanafunzi wa Kiritiri, ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, hawezi kukumbushwa asichokijua. Wala umbo la maneno haya halimsaidii sana. Alfred Butts, Mmarekani aliyeubuni mchezo wa Scrabble miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye kurasa za magazeti ya Kiingereza, na ndiyo sababu kati ya vigae 100 kuna K moja tu, yenye pointi 5. Katika Kimbeere na Kiswahili K iko karibu kila sentensi, na maneno yetu huishia na irabu. Sikio lililolelewa hivyo halina mazoea ya kukisia neno linaloishia na S na T zilizoshikana. Mlango wetu wa kuingilia Kiingereza ni maana, na huo ndio mlango ambao orodha imeuacha umefungwa.

Wapo watakaonijibu kwa Scrabble hiyo hiyo. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kukizungumza Kifaransa, kwa kukariri maneno. Mwaka huo huo, mjini Perth, Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, na Wanaijeria wakasifika kwa kupendelea maneno ya herufi tano hata pale walipoweza kuunda marefu zaidi. Miaka miwili baadaye mashindano ya dunia yakaja Nairobi. Basi herufi peke yake zaweza kuwa ustadi, na ustadi huo nauheshimu kwa dhati. Lakini mabingwa hawa hawakuletewa orodha. Waliibeba kichwani kwa jasho lao. Tena Richards aliondoka na kombe bila kuondoka na Kifaransa, jambo linaloonyesha wazi kuwa kujua umbo na kujua lugha ni vitu viwili. Hata Wordle, mchezo wa herufi tano ambao Josh Wardle aliutoa kwa umma mwaka 2021, haukutosheka na orodha: Palak Shah, mwenzi wake, aliyapitia maneno kama 12,000 na kuacha kama 2,500 aliyoyajua. Ilibidi kwanza mtu aketi aamue lipi linajulikana.

Pingamizi zito zaidi ni la kamusi. Katika shule nyingi za Mbeere darasa zima lilitegemea kamusi moja ya mwalimu. Anayesema simu imetuletea kamusi ambayo hatukuwahi kuwa nayo anasema kweli, na sitamani mtoto yeyote arudi kwenye karatasi ya buchani. Ninachokipinga ni mpangilio tu. Simu inayotoa orodha ndiyo hiyo hiyo inayotoa maana. Mtu hugusa mara moja zaidi, na wengi hawagusi kwa kuwa mraba umeshajaa. Mwalimu anaweza kuubadili mpangilio huo bila kununua chochote: aandike kidokezo ubaoni kabla ya herufi, awaache wanafunzi wabishane kwa Kimbeere na Kiswahili, na orodha ifunguliwe mwisho, kila neno geni litafutiwe maana na kutungiwa sentensi kabla halijaingia mrabani.